Wawili kwa mmoja kwenye hoki ya barafu: beki akabe pasi, amvae mwenye paki, au ajilaze?

Paki, kile kisahani cha mpira mgumu kinachochezewa, imepotea kwenye mstari wa bluu wa wapinzani, pale eneo lao linapoanzia. Beki mwenzako alikuwa amepanda, winga ndiyo kwanza anageuka, na wawili wanakuja kwako mbio. Kwenye uwanja wa kipimo cha Amerika Kaskazini, kutoka mstari wako wa bluu hadi mstari wa goli ni mita 19.5. Mchezaji wa ridhaa anayeteleza mita 6 kwa sekunde anazimaliza kwa sekunde 3 na ushei. Hapo hakuna nafasi ya kuwaza. Njia ya kuzuia huchaguliwa mapema, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na kipa akiwepo.

Tunazilinganisha hapa njia tatu ambazo beki aliyebaki peke yake anazo, kisha tunagusa watatu kwa wawili na kazi ya yule anayerudi kusaidia. Tunazungumzia hoki ya barafu ya watu wazima wanaocheza kujifurahisha, siyo ya kulipwa, na tofauti hiyo ni kubwa. Ligi nyingi za aina hii zinakataza kumgonga mpinzani kwa mwili, kwa hiyo beki anabaki na miguu, gongo na mahali aliposimama. Timu haina kocha. Kipa huenda ni wa kuazima, amefika dakika kumi kabla ya mchezo. Na kwenye kikosi kimoja kuna aliyeanza kuteleza akiwa na miaka minne na aliyeanza mwaka jana. Ushauri wa mchezo wa kulipwa ukiuchukua mzima mzima na kuuleta hapa, unavunjika.

Njia zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni kukaba pasi: beki anakaa katikati, anamwachia kipa shuti ya mwenye paki, yeye anahakikisha paki haikatizi kwenda kwa mwenzake. Ya pili ni kumvaa mwenye paki kabla hajafika pazuri, ili apoteze paki au aachie pasi akiwa amebanwa. Ya tatu ni kujilaza barafuni na kuziba njia ya pasi kwa mwili mzima.

| | Kukaba pasi | Kumvaa mwenye paki | Kujilaza |
|---|---|---|---|
| Kazi ya kipa | Shuti ya mwenye paki | Yeyote atakayebaki nayo | Shuti ya mwenye paki, mara nyingi bila kuiona vizuri |
| Inafaa | Karibu kila mara | Msaada uko hatua 2 au 3 nyuma, au mwenye paki ameinamisha kichwa | Mita 5 au 6 za mwisho, pasi ikiwa imeshaonekana |
| Inaharibikia wapi | Beki anarudi mpaka miguuni pa kipa | Pasi moja, na mwenzake amebaki na kipa peke yao | Mwenye paki anasubiri, anakuzunguka |
| Hatari ya adhabu | Ndogo | Kubwa, hasa kukwatua | Kubwa |

Kwanza, kwa nini pasi iogopwe kuliko shuti? Goli lina upana wa sentimita 183 na kimo cha sentimita 122. Kipa aliyetoka mbele kidogo na kumkabili mpigaji mmoja anafunika sehemu kubwa ya upana huo. Shuti ya kilomita 80 kwa saa kutoka nukta ya pembeni, moja ya zile mbili zilizochorwa mbele ya goli kushoto na kulia, kama mita 9 kutoka katikati ya goli, inamfikia kwa sekunde 0.4 hivi, lakini ameiona tangu inatoka na mwili wake umeshakaa sawa. Paki ikikatiza, kila kitu kinaanza upya: ausukume mwili kutoka nguzo moja hadi nyingine, asimame, atafute paki, afunge miguu. Mara nyingi anafika magoti yakiwa yameshagusa barafu na upande wa juu uko wazi. Kipa wa ridhaa anakamata shuti nyingi za moja kwa moja. Pasi ya kukatiza inayomaliziwa papo hapo inamshinda hata kipa hodari.

Ndiyo maana kwa timu nyingi chaguo letu ni kukaba pasi. Lakini kuna kukaba pasi na kuna kusindikiza wageni mpaka golini, na tofauti iko kwenye mambo madogo.

Simama kwenye mstari wa kufikirika unaotoka katikati ya goli kwenda katikati ya uwanja. Unaweza kusogea nusu mita au mita moja upande wa mwenye paki, ila usivutwe nje hata ukaikaribia nukta. Kati ya nukta mbili za eneo lako kuna mita 13.4, na beki akishasogea hadi nukta ya upande mmoja, mita zote 13 zilizobaki ni za mtu asiyekabwa. Kasi yako ya kurudi nyuma ilingane na yao. Umbali kati yako na mwenye paki uwe kama magongo matatu kwenye mstari mwekundu wa kati, mawili kwenye mstari wa bluu, moja na nusu mkifika usawa wa juu wa duara linaloizunguka nukta. Gongo la mtu mzima lina kama mita moja na nusu, kwa hiyo kipimo unacho mkononi.

Lishike gongo kwa mkono mmoja, ule wa juu. Kiwiko kiwe kimekunjwa. Beki aliyenyoosha mkono wote tangu mstari wa bluu ameshaonyesha mwisho wa urefu wake, na mwenye paki anapitisha pasi sentimita kumi mbele ya ncha ya gongo. Aliyekunja kiwiko ana nusu mita ya akiba ambayo mpinzani haijui. Ubapa, ile sehemu pana ya chini ya gongo, ulale barafuni, wote, toka kisigino hadi ncha. Ukiinua kisigino cha ubapa kidole kimoja tu, paki yenye unene wa sentimita 2.54 huenda bado isipite, lakini itagonga ukingo wa chini na kuruka pasipojulikana. Na usilipeleke gongo kushoto na kulia kama fagio. Mwenye paki anahesabu: likienda kushoto anapitisha kulia. Liweke kwenye mstari unaotoka kwenye ubapa wake kwenda kwa mwenzake, karibu na ubapa wake kuliko wa mwenzake, kwa sababu karibu na chanzo gongo moja linaziba pembe kubwa zaidi.

Macho yaangalie kifua cha mwenye paki, na kila baada ya hatua mbili utupe jicho la haraka kwa mwenzake. Ukiitazama paki yenyewe, chenga ya kwanza itakubeba. Pasi inayopita mbele yako ni ya gongo lako. Inayopita nyuma ya visigino vyako ni ya kipa, naye aizuie kwa gongo lake. Mkubaliane hivyo na kila mmoja afanye yake.

Kuna kosa moja linalofanya mabeki wengi wa ridhaa waikatae njia hii na kusema haifanyi kazi: wanarudi, wanarudi, wanarudi, mpaka wanasimama mita moja mbele ya kipa. Hapo beki hakabi pasi wala shuti. Anamkinga kipa asione, na paki inamgonga mguuni na kuingia. Acha angalau mita 3 kati yako na ukingo wa eneo la kipa. Mkifika usawa wa nukta, punguza kasi ya kurudi hata kama wao hawajapunguza. Wanalazimika kuamua, na kuamua kwa haraka ndiko kunakowashinda wachezaji wa ridhaa.

Kosa la pili ni kumsahau mwenye paki kabisa. Kumwachia kipa shuti maana yake ni shuti kutoka pembeni. Mwenye paki akikata kuingia ndani ya nukta kuelekea katikati, amekuwa wako, na hapo unamkaribia kwa gongo na mwili uliosimama sawa. Na akipita chini ya nukta akiwa nje bado, pembe yake ya kupiga imefinywa na kilichobaki kwake ni pasi tu. Geuka, mpe bega mwenye paki, nenda kwa mwenzake ukamnyanyulie gongo. Hapa wengi hufanya kinyume: wanamkimbilia mwenye paki kwa sababu sasa yuko karibu.

Kosa la tatu ni nusu-nusu. Beki anaanza kukaba pasi, anaona mwenye paki ameinua gongo kupiga, anaruka kumzuia, anakumbuka mwenzake, anarudi. Kati ya hatua hizo mbili njia ya pasi na njia ya shuti zote zimefunguka. Heri njia mbovu iliyoshikwa mpaka mwisho, kwa sababu kipa angalau anajua kilichobaki kwake.

Kabla hatujaiacha njia hii, tazameni mkono wa mpigaji. Jambo hili linaamua beki asogee upande gani, na kwenye hoki ya ridhaa wachache wanalizungumza. Mtu anayepiga kushoto ana ubapa wa gongo upande wake wa kushoto, na sura ya gongo inatazama kulia. Akija na paki kwenye winga ya kushoto, pasi ya kwenda kulia inatoka kwa urahisi, kwa sura ya gongo, hata kwa kuirusha juu ya gongo lako. Lakini shuti yake inatoka pembeni kabisa, karibu na ukuta, pembe mbaya. Mtu huyo mkabe pasi bila huruma. Sasa mgeuze: anayepiga kulia akija kwenye winga ya kushoto. Ubapa uko upande wa katikati ya uwanja, pembe yake ya shuti ni nzuri zaidi, na pasi ya kwenda kulia inambidi aipige kwa mgongo wa gongo, ambayo kwa mchezaji wa ridhaa ni pasi dhaifu, inayobingirika na kusitasita. Huyo msogelee nusu mita zaidi. Pasi yake unaweza kuiwahi.

Mwangalie na mpokeaji. Aliye kwenye winga ya kinyume na mkono wake, yaani anayepiga kushoto akiwa kulia au anayepiga kulia akiwa kushoto, anaweza kuimalizia pasi papo hapo bila kuituliza. Aliye upande wa mkono wake anapokea, anavuta, ndipo anapiga, na hiyo sekunde moja inamtosha kipa kuvuka. Kwa hiyo mpangilio mbaya kuliko yote kwa beki ni wapigaji kushoto wawili wakija pamoja, yule wa kushoto akiwa na paki: pasi rahisi, na umaliziaji wa papo hapo. Upande wa pili ni vivyo hivyo kwa wapigaji kulia wawili, wa kulia akiwa na paki. Dakika tano za kupasha mwili kabla ya mchezo zinatosha kuona nani kati yao anapiga upande gani.

Njia ya pili, kumvaa mwenye paki, ina sifa kubwa kwa watu waliozoea soka, ambako beki anafundishwa kwenda kwenye mpira. Kwenye barafu ina masharti. Ukikosa hapa huwezi kusimama na kurudi kwa hatua mbili. Viatu vinakupeleka mita nne zaidi kabla hujageuka. Tunaiona inafaa katika hali tatu. Kwanza, mwenzako anayerudi yuko hatua mbili au tatu nyuma na ameshaita kwamba anamchukua mpokeaji. Hapo siyo wawili kwa mmoja tena, ni wawili kwa wawili, na kusitasita ni kupoteza faida. Pili, mwenye paki anaitazama paki yake miguuni, dalili ya wazi kwamba hamwoni mwenzake. Tatu, yuko kati ya nukta na ukuta kabla ya mstari wa bluu, ambako ukuta unakusaidia kukaba.

Namna yake: usimwendee uso kwa uso. Mwendee kutoka ndani kwenda nje, ubapa wa gongo kwenye njia ya pasi kwanza, mwili ukifuata njia ya kuelekea golini. Kudokoa paki iwe pigo moja fupi la mkono mmoja, kiwiko kinanyooka na kurudi, na uzito wako ubaki juu ya miguu. Anayedokoa kwa kuegemea mbele amekwisha. Na kumbuka sheria za ligi yenu: akishakupita ukamkwatua kwa gongo ni adhabu ya dakika 2, na akiwa amebaki peke yake na kipa unampa shuti ya penalti. Kwenye mchezo unaoruhusu miili, beki aliyekosa paki anaweza bado kumgusa mtu. Kwenu hana hata hilo. Njia hii inategemea gongo peke yake, na gongo linakosa.

Kuna gharama nyingine inayofichika. Kipa anayejua beki atakaba pasi anatoka mbele mpaka ukingo wa eneo lake na kufinya pembe ya mpigaji. Kipa anayejua beki atamvaa mwenye paki inabidi akae ndani zaidi, visigino karibu na mstari wa goli, ili akivuka asafiri umbali mfupi. Beki akimvaa mwenye paki huku kipa ametoka nje kwa kuamini pasi imekabwa, pasi moja inamkuta kipa mita mbili mbele ya goli tupu. Mabao mengi ya namna hii yanalaumiwa kwa kipa, na lawama siyo yake.

Kujilaza kunapendeza kwa watazamaji. Beki anashusha goti, anateleza kwa ubavu, mwili unakuwa ukuta wa karibu mita mbili na gongo linaongeza nyingine moja na nusu. Ikifanywa kwa wakati, hakuna pasi ya chini inayopita. Ila wakati wenyewe ni mfinyu mno. Ukilala mkiwa bado juu ya duara, mwenye paki anavuta pumzi, anaishikilia paki, wewe unampita kama gogo mtoni, na sasa ni wawili kwa kipa. Ukilala ukiwa umechelewa unamfagia kipa wako miguu. Mahali pake ni mita 5 au 6 za mwisho, pale mwenye paki ameshageuza mabega kupasi na wewe huwezi kuifikia njia ile kwa gongo. Uso uutoe kwenye njia ya shuti. Wanaocheza bila wavu wa usoni tunawashauri waiache njia hii kabisa, kwani paki ina gramu 156 hadi 170 na imegandishwa, na mbali na paki kuna visu vya viatu vya watu wawili vinavyokuja usawa wa shingo yako. Baada ya kulala, hesabu kwamba hupo kwa sekunde mbili au tatu. Kipa akitema, paki ni ya wapinzani.

Basi uamuzi kwa timu ya kawaida ni huu: kukaba pasi iwe sheria, kumvaa mwenye paki iwe kwa sauti ya mwenzako tu, kujilaza kuwe kwa wachache wenye vifaa na wepesi wa kusimama. Timu yenye beki asiyejua kuteleza kinyumenyume vizuri bado ichague ya kwanza, lakini beki huyo aanze kurudi mapema, mkiwa bado kabla ya mstari mwekundu, na akizidiwa ageuke mwili mapema akiutazama upande wa mwenye paki. Kung'ang'ania kurudi kinyumenyume kwa mtu anayevukisha miguu na kujikwaa ni kuwapa wapinzani goli.

Ukubwa wa uwanja nao unabadilisha hesabu. Viwanja vya kimataifa vinaweza kufika upana wa mita 30, dhidi ya kama 26 vya Amerika Kaskazini. Zile mita mbili za ziada kila upande ni mahali ambapo mwenye paki hana shuti ya maana, basi mwache aende huko na wewe ushikilie katikati kwa ukaidi zaidi. Kwenye kiwanja kidogo ni kinyume. Uwanja wa barafu wa Panari kwenye Barabara ya Mombasa, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005 na ambako Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya, wamekulia, ni mdogo kuliko kipimo rasmi. Hapo hakuna magongo matatu ya kuanzia. Mwenye paki anakufikia kwa misukumo michache ya mguu. Lakini na wenzako wako karibu, anayerudi anafika haraka, kwa hiyo kumvaa mwenye paki kunalipa zaidi pale kuliko kwenye barafu ya kipimo kamili. Kenya ilipokelewa kwenye shirikisho la kimataifa la mchezo huu mwaka 2024, na wachezaji waliozoea kiwanja kidogo wakienda kwenye kikubwa, jambo la kwanza la kuwafundisha mabeki wao ni subira.

Watatu kwa wawili ni rahisi kuliko inavyoonekana, ilimradi mabeki wasitengane. Wote wawili wawe ndani ya nukta, umbali wa magongo mawili kati yao, wakirudi pamoja. Kuna timu zinazochagua beki mmoja asimame kwenye mstari wa bluu na kumkabili mwenye paki hapo hapo. Likifanikiwa shambulizi limekufa, na likishindikana ni wawili kwa mmoja na kasi iliyoongezeka. Sisi tunapendelea kurudi pamoja, kumfanya mwenye paki achague winga, kisha beki wa upande huo amwendee akifika nukta. Beki wa pili amchukue anayekwenda golini, na wa tatu, yule anayechelewa kwa makusudi nyuma, ni wa fowadi anayerudi. Wapinzani wakipishana, mabeki wasipishane nao. Kila mmoja abaki na upande wake, aseme "Badili!" na kupokea anayeingia. Watatu kwa mmoja ni kukaa katikati, kutolala, na kumwombea kipa shuti ya mbali.

Anayerudi ndiye mwenye thamani kuliko wote, na ndiye anayekosea zaidi. Chaguo lake ni kati ya kumfukuza mwenye paki kwa nyuma na kumtafuta asiye na mtu. Karibu kila mchezaji wa ridhaa anafukuza paki. Anafika, anagonga gongo kwa nyuma, anapewa dakika 2, na huku mtu wa tatu amesimama peke yake mbele ya goli na ubapa barafuni. Rudi kwa njia ya katikati, kati ya nukta na nukta, siyo kandokando ya ukuta. Geuza kichwa kwenye mabega yote mawili kabla ya mstari wa bluu. Mtu wa kwanza unayemkuta hana wa kumkaba ni wako: simama upande wa goli, ubapa wako chini ya ubapa wake, na unyanyue pale pasi inapofika, siyo kabla. Mwenye paki mfukuze ikiwa tu uko ndani ya urefu wa gongo moja na unaweza kulinyanyua gongo lake kutoka chini. Kisha paza sauti: "Nina wa kulia!" Bila sauti hiyo beki hajui kwamba ameruhusiwa kumvaa mwenye paki, na nyote wawili mtamkaba mtu mmoja.

Kuhusu chanzo cha mashambulizi haya, neno moja kwa mabeki wanaopenda kupanda. Ukiwa kwenye mstari wa bluu wa wapinzani na paki inakuja kandokando ya ukuta, unachagua kupanda kuikamata au kurudi. Panda ukimwona fowadi wako wa tatu kwa macho yako mwenyewe, juu ya duara, akikutazama. Kudhani yupo hakutoshi. Na kuwa mwangalifu na kipindi cha pili, kwa sababu mmebadilishana magoli na benchi lenu liko mbali na goli lenu. Timu iliyokaa barafuni dakika mbili kwa zamu badala ya sekunde 45 inajikuta haiwezi kubadilisha wachezaji, na wanaoondoka wakiwa wamechoka wanaacha uwazi wa wawili kwa mmoja.

Mazoezi yake hayadai barafu. Maegesho ya magari, viatu vya mpira, mpira wa tenisi na magongo manne vinatosha. Weka mawe mawili mita 1.83 kama goli, mengine mawili kama nukta, mita 6 kutoka mstari wa goli na mita 13.4 kati yake. Wawili waje kwa mwendo wa kukimbia taratibu kutoka mita 20, beki arudi, kipa asimame. Mara nane kila beki, huku kila pasi iliyokatiza ikihesabiwa kama bao hata ikikosa goli. Raundi ya pili muongeze anayerudi, aanzie mita 5 nyuma, na beki asiruhusiwe kumvaa mwenye paki mpaka asikie sauti.